Idi yake, saumu yangu

Jumatano, baada ya isha

Leo Salim kasali Idi na mimi nimefunga. Yeye anafuata mwezi ulioonekana nchi nyengine, mimi nnangoja uonekane hapa kwetu. Mume na mke, chumba kimoja.

Mama Neema, jirani yetu Mkristo, kanikuta ngazini akaniuliza, "Bi Zuhura, ikiwa mwezi tu hamkubaliani, ya Mungu nani mwenye kweli?"

Nimemjibu kwa ukali kwamba kweli ni moja. Nikapanda juu, na swali likapanda nami.

Kutwa nzima nilidhani Salim anakula kwa dada yake. Magharibi nilipokaa kufuturu akaja, akavuta sahani, akala kama mtu aliyeshinda na njaa. Nikamuuliza kulikoni.

"Asubuhi nlikula tende moja," akasema, "maana kufunga siku ya Idi ni haramu. Baada ya hapo nlikuwa nakungoja wewe."

Nikamwongeza mchuzi.

Mwezi wa kwetu umeonekana; kesho Idi yangu, na Mama Neema nitampelekea biriani. Mmoja wetu kakosea mwezi, na Mungu anamjua. Mimi sina haraka ya kuambiwa.