Kengele ya Kiwanja cha Thelathini na Moja

Jumamosi, 1 Juni

Kengele imelia tangu asubuhi mpaka nikaipunguza sauti. Mwenye kiwanja akilipa ada ya mwezi, kompyuta yangu inasema ting! Jina linatokea, na kibao cha getini kwake kinageuka kijani. Ndiyo kazi yangu ya pembeni hiyo: mtozaji wa ada za ardhi kwenye kijiji ambacho hakipo. Ardhi ya mtandaoni! Watu wameijengea nyumba, wamepanda maua, wanagombania mipaka kama wana wazimu. Mwanzoni nilicheka mbavu sina. Sasa mimi ndiye ninayewakimbiza.

Mama Bustani wa kiwanja cha thelathini amekuwa wa kwanza, kama kawaida yake, na majigambo juu. Mpaka jioni wamebaki wachache. Mmoja wao ni Bwana Kesho.

Kaka yangu. Hilo jina alipewa nyumbani, maana kwake kila kitu kilikuwa kesho. Aligombana na Mama, akafunga begi, akaenda zake, na simu yake haipatikani mwaka wa pili huu. Nilimwona kijijini kwa bahati tu, nikaomba kazi hii kwa ajili yake. Hajui kwamba mtozaji ni mimi. Akijua atahama na huko, namfahamu! Hatuongei. Analipa, kengele inalia, nami najua yu hai. Basi.

Na tangu mwaka jana amenishangaza: tarehe mosi, kabla sijamaliza chai, ting! Yeye, ambaye hata kuzaliwa alichelewa. Nikasema dunia imemnyoosha.

Leo kimya. Labda bando limemwishia.

Nimepika cha watu wawili tena. Nusu nimeiweka kwenye friji, pamoja na nusu ya jana.

Jumatatu, 3 Juni

Kazini kutwa nzima nasaga vioo vya miwani. Bosi kaniambia nivute droo ya miwani ambayo wenyewe hawajaja kuichukua, nitoe vioo, fremu zirudi dukani. Nimesema sawa. Nimeisukuma droo kwa goti, nikaendelea na kazi nyingine.

Mama mdogo kapiga simu mchana. Anataka picha ya Mama ya kuweka kwenye fremu, ile aliyopiga amecheka, anasema imo kwenye simu ya marehemu. Marehemu! Dada yake huyo, tumbo moja, na bado majuma manne hayajatimia. Nimemwambia nitaitafuta.

Nimeingia chumbani kwa Mama kwa mara ya kwanza tangu msiba. Harufu ya mafuta yake ya mgongo bado imo. Simu ilikuwa chini ya mto. Nimeichomeka kwenye chaji, imewaka, inataka namba nne. Nimejaribu mwaka aliozaliwa Mama, imekataa. Nimejaribu wangu — imekataa. Nikaogopa isije ikajifunga kabisa. Nimeiacha hapohapo kwenye chaji, nikafunga mlango.

Bwana Kesho bado.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya nne ikifika bila ada, mtozaji anafunga utepe mwekundu getini. Ndiyo sheria. Nimefunga tatu leo. Wawili wamelipa papo hapo, aibu hiyo! Mmoja kanitukana kwanza, ndipo akalipa. Cha thelathini na moja utepe unapepea, hakuna aliyetoka.

Nyumba yake pale ni nyumba yetu ya zamani. Kaijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Mlango wa buluu usiofunga vizuri. Ule wa kweli ulikuwa haufungi, Mama alikuwa anaubana kwa kiti. Na Kaka kautengeneza vilevile, usifunge, na kiti kipo!

Nilimwonyesha Mama mwaka jana. Nilimbembeleza mpaka akavaa miwani. Alikuwa amepiga marufuku jina la Kaka lisitajwe ndani, alimwita "yule". Akakodolea skrini, akasoma kibao cha getini kwa sauti, polepole kama mtoto wa shule: namba ya kiwanja, jinsi ya kulipa kwa simu. Akauliza, na watu wanatoa pesa zao kwa huu upuuzi? Nikamwambia Mama, kwangu si upuuzi, akilipa ndipo ninapojua mzima. Asipolipa nitakuwa sijui chochote. Akavua miwani, akarudi jikoni. Nikasikia sufuria zinavyogongwa.

Lakini kuanzia hapo, kila tarehe mosi kengele ikilia alikuwa anaita kutoka jikoni: nani huyo? Namwambia watu wa kijijini. Na yule? Kalipa, Mama. Haya, njoo unywe chai.

Nimekaa mbele ya skrini leo na chai yangu. Hakuna aliyeniita.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia Mwenyekiti. Ndiye mwenye kijiji chote. Sijawahi kumwona uso, namjua kwa sauti na kikohozi tu. Nimeomba aongeze muda kiwanja kimoja. Akacheka. Kipi? Nikasema cha thelathini na moja. Akauliza kuna nini cha ajabu huko. Nikasema hakuna, ni mlipaji mzuri tu, huwa hachelewi.

Akanisomea sheria kana kwamba sikuziandika mwenyewe. Utepe siku ya nne. Hodi siku ya saba. Siku ya tisa ilani ya mwisho, inakwenda kwenye simu iliyolipa mara ya mwisho. Namba sizioni, mfumo unazificha, mimi nabonyeza tu. Jua la kijijini likizama bila ada, kiwanja kinatwaliwa. Vitu vyote vinarudi kwenye begi la mwenyewe, ardhi inabaki majani matupu. Na mwenyewe asipoingia tena kufungua begi, ndiyo vimekwenda hivyo.

Nikauliza, je, nikimlipia mimi? Alikohoa wee! Akasema dada, kulipa anaweza kulipa yeyote. Mke, jirani, shemeji, mfumo haujali ni mkono wa nani. Ila wewe ndiye marufuku. Mtozaji aliyekutangulia aliwalipia rafiki zake, akaja kuvuruga hesabu zote, na wewe unalijua hilo.

Nalijua. Nimesema sawa bosi.

Nikifukuzwa kazi, hata kengele sitaisikia.

Ijumaa, 7 Juni

Leo ni hodi. Sheria ya kijiji, na ndiyo pekee ninayoipenda: mtozaji aende mwenyewe, asimame mlangoni, aandike hodi mara tatu mahali ambapo kila mtu anaona. Hakuna kumtwalia mtu ardhi kimyakimya.

Nimekipeleka kidoli changu, yaani mimi wa kwenye skrini, mpaka mlango wa buluu. Hodi. Nikasubiri. Hodi. Mama Bustani kachungulia juu ya ua, akaandika: hayupo huyo, dada, mimi mwaka mzima sijamwona hata kivuli. Nikamjibu, huwa anaingia saa za ajabu, wewe umelala. Akasema mimi silali.

Anakitaka kiwanja hicho. Anataka kuvuta bustani yake mpaka barabarani, keshapima na waridi keshachagua.

Hodi ya tatu. Mlango umeyumba wenyewe, kama unavyoyumba siku zote. Ndani kuna meza na viti viwili. Cha tatu kiko kando ya mlango, kile cha kuubania.

Nimefunga kompyuta mapema. Nimekula kiporo wima, kwenye friji.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira leo. Wacha niwe nayo!

Msiba wa Mama niliubandika mwenyewe getini kwake, siku ileile. Kwa jina langu halisi, si la utozaji. Mama katutoka, Kaka, njoo. Watu wamejaa uwanjani, mjomba anauliza yuko wapi mtoto wa kiume, mimi naangalia simu. Hakuja. Hakuandika hata pole. Na tarehe mosi Mei alikuwa amelipa! Asubuhi na mapema, Mama mwenyewe akaniuliza toka kitandani, maana jikoni alikuwa haendi tena: na yule? Nikamwambia kalipa, Mama. Akafumba macho. Siku chache baadaye ndiyo ikawa basi.

Kwa hiyo pesa ya nyumba ya uongo anayo, ya nauli hana. Moyo gani huo? Nimekaa humu peke yangu naongea na kuta, nafuta vumbi chumba kisicho na mtu, na yeye kakaa mahali anahesabu waridi za jirani.

Mama mdogo kauliza tena picha. Nimemwambia simu imegoma. Akasema jaribu tarehe za watoto. Nikasema nimejaribu yangu. Akasema haya.

Kesho ni ilani. Halafu jioni majani matupu. Alichelewa kila kitu maisha yake yote, huyu. Aje basi achelewe na hili, lakini aje.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa mkono mbaya, sijui kama nitakuja kuusoma.

Saa sita mchana. Nimefua, nimedeki, nimepanga vyombo vilivyokwisha pangwa, vyote hivyo kukwepa kitufe kimoja. Mama Bustani kaandika mara tatu: kile kiwanja vipi, dada? Nimekaa. Nimesema Kaka, unisamehe. Nimebonyeza: Tuma ilani ya mwisho, kiwanja 31.

Chumbani kwa Mama simu ikalia.

Nilidhani ni mama mdogo. Nilidhani ni watu wa kuuza mikopo. Nimekwenda kwa miguu yangu, nikafungua mlango, simu iko pale kwenye chaji inawaka. Juu ya kioo maneno yangu. Yangu mwenyewe, niliyoyatunga mimi: "Ndugu mwenye kiwanja namba 31, ada yako haijapokelewa..."

Nimekaa chini, sakafuni.

Ikataka namba nne. Nikaandika mwaka aliozaliwa Kaka. Ikafunguka.

Stakabadhi zimo zote. Umelipia kiwanja namba 31. Umelipia kiwanja namba 31. Kila tarehe mosi, asubuhi, kuanzia ule mwezi niliomwonyesha ile nyumba. Alikuwa anasimama jikoni, chai iko motoni, analipa na simu mkononi, halafu anapaza sauti kuniuliza nani huyo. Na yule? Kalipa, Mama. Haya, njoo unywe chai.

Mama! Mama yangu mimi, ambaye kurekebisha saa ya ukutani alikuwa ananiita.

Nimetafuta kwenye majina. Kaka yumo, kaandikwa Kesho. Namba ni ileile niliyo nayo, isiyopatikana. Nimefungua simu alizopiga. Kesho. Kesho. Kesho. Kesho. Nimeshusha na kidole mpaka nikachoka. Hakuna hata moja iliyopokelewa. Ya mwisho kapiga akiwa hoi kitandani.

Sasa Kaka yuko wapi? Mwaka mzima nimekaa nikijua mzima, nikamkasirikia kama mtu mzima anavyokasirikiwa. Jana nimemtukana hapa hapa kwenye kurasa hizi. Na simjui alipo. Sijui kama yupo. Mama alijua nini? Au naye alikuwa hajui, akaona bora mmoja wetu alale? Nani nimuulize? Nyumba nzima hii, niulize nani?

Nimelia mpaka maji yamekwisha. Kisha nikarudi kwenye kompyuta na simu ya Mama mkononi, maana sikujua pa kwenda.

Saa kumi na moja. Jua la kijijini limeshaanza kuwa jekundu, wanalitengeneza vizuri sana. Kitufe cha kutwaa kimejitokeza upande wangu. Mlango wa buluu unayumba. Mama Bustani kasimama mpakani na kidoli chake, kashika miche.

Nimefungua sehemu ya malipo kwenye simu ya Mama. Pesa ya Juni imo. Aliitenga peke yake kabisa, kabla hajazidiwa. Namba ya siri ni mwaka uleule. Simu inaniuliza: Unalipia kiwanja namba 31, Bwana Kesho. Endelea?

Mwenyekiti alisema mfumo haujali ni mkono wa nani. Alisema pia wangu ni marufuku. Huu sijui ni wa nani.

Nimebonyeza.

Ting!

Jina limetokea: Bwana Kesho amelipa. Utepe umefunguka wenyewe, kibao kimekuwa kijani. Na moyo wangu, mjinga huu, unajua kila kitu, umeona kila kitu — umeruka vilevile. Nimegeuka kabisa kuelekea jikoni, mdomo wazi, nijibu.

Mama Bustani ameandika: Kumbe yupo!

Anasubiri nimjibu. Naona vile vidoti vyake vinacheza, anaandika tena.