Gia Nzito

Ijumaa, Karatu. Ukungu umeshuka tangu mchana na hauondoki. Nimekaa sebuleni na koti langu, sina la kufanya.

Kesho binti yangu Paulina anagombea nafasi pekee ya wasichana katika kambi ya baiskeli Arusha. Wataanzia Mto wa Mbu, wapande ule mlima hadi Rhotia, wamalizie hapa mjini. Amejiandaa mwaka mzima. Leo nimemvunjia baiskeli kwa neno moja.

Nina hasira, na safari hii sina wa kumshambulia mtandaoni.

Baiskeli ya mashindano ina magurudumu mawili ya meno mbele, penye pedeli, na rundo la mengine nyuma. Mnyororo ukikaa kwenye kubwa la mbele, pedeli inakuwa nzito na baiskeli inakimbia. Ukikaa kwenye kubwa la nyuma, pedeli inakuwa nyepesi na unapanda polepole. Nimeyasoma yote haya. Naweza hata kukuchorea.

Leo alikuwa mazoezini kwenye mlima huohuo. Nilimfuata kwenye gari la jirani yetu Baba Glory, dereva wa watalii. Paulina akaanza kuyumba.

"Mwambie aweke gia nzito huyo," Baba Glory akasema.

Kwa dereva, gia nzito ni namba moja, gia ya nguvu, ya kupandia. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti: weka gia nzito.

Kwa mwendesha baiskeli, gia nzito ni ile inayoulemea mguu. Yaani kinyume kabisa. Nilijua. Lakini ya vitabuni niliyasoma kwa Kiingereza. Mdomoni nina Kiswahili cha madereva.

Paulina hakubisha. Tayari alikuwa kwenye kubwa la nyuma, akapandisha mnyororo kwenye kubwa la mbele pia. Mnyororo wake hauna urefu wa kuzunguka makubwa yote mawili. Ulikaza, ukang'oa ule mkono wa nyuma unaouhamisha, ukaukwamisha kwenye spoku.

"Si wewe unayewashinda maprofesa mtandaoni?" Baba Glory akaniambia tukiwa tumeinama pale. "Haya, bishana na cheni."

Nimepiga simu Arusha. Mkono kama ule haupatikani hadi wiki ijayo. Fundi wa hapa amefupisha mnyororo, akaufunga kwenye gia moja tu, basi. Ikiwa nyepesi, wenzake watamwacha kwenye tambarare. Ikiwa nzito, mlima utamshinda. Paulina amechagua nyepesi bila kuniuliza.

Nilisema nitamwandikia kocha wa kambi aahirishe mashindano. Nilikuwa na hoja, na zilikuwa nzuri. Mama yake akaniangalia, akarudi jikoni.

Paulina alikuwa akifuta grisi vidoleni.

"Kesho baki nyumbani, baba. Nikikusikia nitafanya unachosema."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Miaka yote nimetaka watu wanisikilize. Kumbe yupo mmoja aliyenisikiliza kweli, na ndiye huyu.

Kwa hiyo kesho nitakaa ndani. Watapita barabara kuu, hapo tu nyuma ya kanisa, na watu watashangilia. Nikisikia jina lake, nitaweza kunyamaza?

Na nisipolisikia?