Rangi Nyekundu kwenye Nati za Bi Mkubwa

Mzee Saidi,

Kwanza habari kubwa: tangu uondoke, fundi wa maana Qatar nzima nimebaki mimi. Wale wa gereji za Industrial Area wakisikia nakuja wanaficha spana zao kwa aibu. Injini ikizima, nikipita karibu tu inawaka yenyewe kwa heshima. Najua ungesema, "Kijana wa Thika, shika tochi, funga mdomo." Tochi nimeshika. Mdomo ndio huo, unaujua. Na mwandiko usiucheke, shule niliacha darasa la saba.

Ulisema unaenda likizo Malindi mwezi mmoja. Ukaniachia funguo za Bi Mkubwa, ile nyumba ya magurudumu ya Baba Khalid, ukasema niwe naiwasha kila Ijumaa isisahau kazi. Kisha binti yako akatuma sauti kwenye simu, analia, sikushika ila maneno mawili: moyo, mazishi. Dada Prossy alikuwa anapiga pasi. Aliiacha ikaunguza kanzu ya Baba, na hakuna aliyemgombeza.

Kitanda chako hapa chumba cha madereva kiko wazi mpaka leo. Baba hakuleta dereva mwingine. Aliniambia tu msimu wa kambi za jangwani umefika, kazi ya Saidi sasa ni yako. Nikasema mia mia, Baba! Nikapiga kifua.

Na kesho asubuhi natoka nao tena, Mzee. Watoto wanne ndani. Ndiyo maana naandika. Hapa Abu Hamour sina mwingine wa kumwambia.

Safari ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita, kwenda Zekreet. Hatujafika hata nusu ya barabara ya Dukhan, sindano ya joto ikapanda. Mkanda wa feni umekatika. Wa akiba niliukuta chini ya kiti, pale pale ulipouweka, umeuviringishia gazeti. Nikaubadilisha nikipiga mluzi. Jua lilikuwa kali, Baba mwenyewe akanishikia mwavuli kama mimi ndiye sheikh. Naapa! Ungecheka mpaka ukohoe.

Mbele kidogo pampu ya maji ya jikoni ikagoma. Prossy ana sabuni mpaka kwenye viwiko, ananitukana kwa Kiganda chote alichozaliwa nacho. Ulikuwa waya tu umechomoka. Nilikaa chini ya sinki muda mrefu makusudi, ionekane kazi kubwa. Usinikunjie uso. Wewe pia ulifanya hivyo, nilikuona.

Tukaacha lami. Mawe. Halafu pancha, tairi la nyuma, upande wa dereva.

Nilipochuchumaa nikaiona mistari yako. Ile rangi nyekundu ya kucha uliyomwomba Prossy, akadhani una mke wa siri mjini. Kila nati uliyokaza uliipigia mstari, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha gurudumu, ili ikisogea mstari ukatike na mtu aone. Ulikuwa ukinipiga kofi mkononi nikikimbilia kichupa. "Rangi mwisho, kijana. Mwisho kabisa." Mistari yote ilikuwa bado imenyooka. Kutoa tairi ilibidi niikate. Mzee, niliweka spana chini kwanza. Wewe hukuwahi kuniandikia barua, hiyo mistari ndiyo mwandiko wako pekee nilio nao.

Nikaikata. Nikabadilisha haraka, upepo unatupiga mchanga usoni, Baba anatazama saa. Nilikuwa nimemwambia hata hatamaliza kikombe cha gahawa. Akaiona rangi mpya, akasema Saidi alichukua nusu saa, Kenya amechukua robo. Yalla, twende.

Tukaenda. Sijui umbali gani. Maryam, kitinda mimba wao, alikuwa amekaa nyuma na kikombe chake cha maziwa. Akapiga kelele kwamba kikombe kinatembea chenyewe mezani. Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Usukani ulikuwa shwari, lakini kiti kilikuwa kinanigonga mgongoni, taratibu, kama mtu anabisha hodi. Nikasimama.

Nati mbili hazipo. Zilizobaki nilizizungusha kwa vidole.

Nilitoa moja kwenye gurudumu hili, moja kwenye lile, kama ulivyonionyesha, nikalifunga lile baya. Mistari yako miwili mingine ikaenda hapo. Nikamwambia Baba ni mawe, barabara imelitikisa gari. Akanipiga bega. "Mia mia, Kenya. Saidi alikufundisha vizuri." Prossy alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama vidole vyangu vyekundu, akanitazama usoni, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nazikagua nati asubuhi, mchana, jioni. Nimezikaza mpaka spana inalia. Bado nikikaa kidogo nasikia hodi ile mgongoni.

Sasa nikuache upumzike, Mzee wangu. Ile mistari yako iliyobaki sitaifuta, hata wakipaka gari rangi upya nitakaa pale niilinde. Na nakuahidi hivi: kesho, kabla sijashika ufunguo, nitamwambia Baba. Akitaka kunirudisha Thika anirudishe. Nakuambia wewe kwanza, nijaribu ulimi.

Hayakuwa mawe. Gari lilikuwa bado juu ya jeki, nati nimezizungusha kwa vidole tu. Nikapaka rangi. Nilisema moyoni nitakaza likishuka. Baba akaona wekundu, akajua kazi imeisha, maana kwako rangi ilikuwa mwisho wa kazi kila siku, akaita watoto wapande. Maryam akaenda kukaa juu ya gurudumu hilo hilo. Nilitakiwa kusema neno moja tu, "bado." Na mdomo huu wangu wote, Mzee, ulishindwa kulisema.