Nehemia Alikuwa Tiboi Kama Mimi

Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Kambi yetu yote hapa Industrial Area, Doha, inajua – Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tukitoka ibada, Mzee Joram anapiga hadithi. Wa chumba cha tisa waliacha wali kwa jiko wakaja!

Nikawapa Yerusalemu ikianguka. Nebukadneza amezingira mji, ndani njaa tupu. Halafu ukuta unatobolewa, moto unaingia hekalu la Sulemani. Nguzo za shaba zinakatwakatwa kama skrepa, zinabebwa Babeli, na watu nyuma yake kwa miguu, wamefungwa. Sauti ya moto nilifanya na mdomo – kraa, kraa! Nikaigiza kuhani mnene anakimbia, kanzu imeshika moto nyuma.

Levis, dereva wetu Mganda, alianguka kitandani kwa kicheko. Eti, Mzee, wewe ulikuwepo? Nikamwambia nilikuwepo, hiki kipara unafikiri nilikipata wapi?

Shule sikuona. Kuandika nilijifunza ngumbaru, mvi tayari kichwani. Lakini hadithi? Doha nzima hakuna wa kunifikia.

Saa kumi simu. Nyaboke, mke wangu. Radi ilipiga kanisa letu kule nyumbani jana jioni. Limeisha lote. Watu walisimama na ndoo, maji yako chini mtoni.

Lile kanisa nililijenga mimi. Sisi sita, mwaka wa sabini na nane. Baba yangu amelala pale ubavuni.

Majivu kule bado yanatoa moshi, na mimi huku kraa, kraa.

Jumapili, 6 Oktoba

Picha imefika kwa simu. Kuta nne nyeusi, juu mbingu tu.

Kazi kama kawaida, ofisini Lusail. Mainjinia wanachora minara ya vioo, mimi ndiye tiboi wao – chai, na gahwa, ile kahawa ya Kiarabu, kwa wakubwa. Nikamtania Mudiri, bosi wetu, kwamba gahwa yangu inafufua ngamia. Akacheka. Miaka kumi na moja hajawahi kuona uso wangu bila meno nje. Hiyo nayo ni kazi. Nani anataka kununiwa na mtu wa chai?

Jumanne, 8 Oktoba

Nyaboke tena. Wazee wa kanisa wameketi. Msingi mpya utawekwa Jumapili, tarehe tatu Novemba. Waliojenga la kwanza ndio watatangulia. Kati ya wale sita tumebaki wawili, mimi na Ongeri. Na Ongeri siku hizi hata kikombe hanyanyui.

Nikamwambia, mbona nimeshaongea na Mudiri! Amekubali! Ananipenda kama ndugu!

Uongo. Mdomo sijafungua.

Halafu akauliza: "Baba Melissa, unakuja kuangalia, ama unakuja kukaa?"

Nikasema nakuja kula matoke kwanza. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo hadithi niliipigia nje ya kanisa tukingoja basi la Levis lijae. Phoebe naye alikuwepo, binti wa Kitale, yule wa mapokezi kwa ofisi yetu.

Nikawapa Nehemia. Huyo jamaa alikuwa tiboi kama mimi! Mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Wayahudi wa kwanza walikuwa wamesharudi kwao zamani, hekalu wamelisimamisha tena, lakini ukuta wa mji bado vifusi na malango ni mkaa. Habari ikamkuta ugenini. Akaomba ruhusa, akaenda, akainua ukuta kwa siku hamsini na mbili – wajenzi mkono mmoja kazi, mkono mwingine silaha!

Nikamalizia hivi: akakaa kwao, akazeeka, akazikwa na baba zake.

Phoebe akatoa simu yake. "Pole Mzee wangu, lakini hapo umetia chumvi."

Akasoma polepole. Kumbe mfalme alimuuliza, safari yako ni ya muda gani, na utarudi lini? Nehemia akampa tarehe. Akakaa Yerusalemu miaka kumi na miwili, halafu akarudi kwa mfalme.

Akarudi! Miaka arobaini nasimulia, hakuna mtu amewahi kuniambia.

Levis akapayuka: "Kumbe Nehemia alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka. Ndani ya basi nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Levis akaniangalia kwa kioo, akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Meno yamekataa kutoka. Nilitia gahwa, ikamwagika kidogo kwa meza. Mudiri akaweka kalamu chini. "Joram, shfik? Una nini? Wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia, nyumba ya Mungu ya kwetu imeungua, na baba yangu amelala kando yake. Basi. Sikuigiza chochote.

Akaniambia nikae. Mimi, kwa kile kiti cha ngozi! Akanisimulia yeye sasa – kijiji cha babu yake huko kaskazini watu walihama, msikiti wao wa udongo umebaki ukuta mmoja. Huwa anaenda kuuangalia na mama yake. Wanakaa ndani ya gari tu.

Halafu akauliza. Muda gani, na utarudi lini?

Passport yangu inasema miaka hamsini na nane. Passport ilizaliwa baadaye, mimi nina sitini na nne. Nikiondoka bila tarehe, visa inafutwa, na kwa huu umri hakuna mtu atanileta tena. Nikimpa tarehe, trei yangu inaningoja. Mudiri amesema mwenyewe.

Nikamwambia nitaleta barua ya ruhusa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Phoebe ameichapa ile barua. Mudiri anasafiri leo saa saba, atatia sahihi akitoka. Iko hapa jikoni kwa ofisi, kando ya vikombe. Tarehe ya kuondoka: 31 Oktoba. Nimeijaza mwenyewe, maandishi kama kuku amepita. Tarehe ya kurudi: mstari mtupu.

Nimempigia Nyaboke. Kelele! Wako kwa kanisa wanachota majivu, wamefikia mawe ya msingi. Yale yetu, yako vilevile. Ongeri amebebwa kwa kiti mpaka pale. Ameyaona, ameanza kulia kwa sauti. Na vijana wakaanza kuimba. Nimekaza simu kwa sikio – kilio ni kipi, wimbo ni upi, sijui. Hata hekalu la pili lilipowekwa msingi ilikuwa hivyo, wazee wakilia, vijana wakishangilia. Nimeisimulia mara mia. Sikujua sauti yake iko hivi.

"Baba Melissa! Unasikia?"

Nasikia.

"Basi sema. Kuangalia, ama kukaa?"

Phoebe amechungulia mlangoni, amegonga saa yake kwa kidole. Nimetafuta mzaha wa kumpa, nimekosa. Maji yanachemka. Simu iko begani, Nyaboke hajakata. Kalamu hii ninayoandikia ndiyo ya barua, na mstari wa kurudi bado mtupu.