Yasini ya Bi Mize

Mama, nakushika miguu kutoka Chake Chake, ambako hata chumba cha kupasulia kinanukia karafuu.

Leo, kwa ajili ya mafunzo ya hospitali, tumempiga filamu Bi Mize, bibi wa kisiwa cha Fundo, akitolewa uvimbe wa tumbo kama huo wako unaouficha. Dawa ya usingizi ilimchukua akisoma Yasini, sauti ikafifia kama ya mtu anayeingia mikarafuuni. Nesi akaimalizia polepole, daktari akingoja na kisu mkononi. Mimi nikaiacha kamera, nikaitikia amina.

Alipozinduka akauliza, "Nimekomea wapi?"

"Tumekumalizia, bibi," nesi akamjibu.

Filamu yetu haina sauti, Yasini hiyo haitasikika, ndiyo maana nakuandikia. Nikirudi, twende ukatibiwe. Ukilala katikati ya aya, nitakumalizia mimi.

Mwanao,
Salim