Neno Ulilonipa Sikioni

Mpendwa Guruji, mwalimu wangu wa sala,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata bibi yangu Ba: lile neno ulilonipa sikioni nimelisahau.

Wala si juzi. Nililisahau ukiwa hai, ukiwa bado unakaa kibarazani kwako Kirua Vunjo na sweta lako la kijani, ukisahihisha hesabu za watoto wa jirani ingawa ulishastaafu ualimu zamani.

Siku uliyonipokea kuwa mwanafunzi wako nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ba alinivalisha nguo nyeupe, tukapanda kutoka mjini. Nikainama kugusa miguu yako kama nilivyofundishwa, na kwa uoga nikasema na shikamoo juu yake. Ukacheka. "Umeniamkia mara mbili. Mimi nitaitikia mara moja tu: marahaba." Kisha ukaniinamia, ukinukia iliki, ukaninong'oneza lile neno la sala, mara tatu. Ukasema ulipewa na mwalimu wako, naye na wake, kurudi nyuma hadi kwa watu ambao hakuna anayezijua sura zao. "Usiliandike, usimwambie mtu. Ukisahau, njoo uniulize. Hakuna aibu."

Aibu ilikuwepo, Guruji. Mimi ni mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi mezani. Kidato cha pili mitihani ilinibana, nikaacha kulitaja wiki moja, kisha mwezi. Niliporudi kwenye mala, ile tasbihi yetu ya shanga mia na nane, neno halikuwepo. Imebaki pumzi yako tu, na iliki.

Nilikuja kwako mara tatu nikuulize. Mara ya kwanza tuliishia kuongelea maparachichi. Mara ya pili ulikuwa unakohoa. Mara ya tatu ulinitazama, ukasema, "Una swali?" Nikasema hapana. Ukanipa ndizi za kumpelekea Ba. Nafikiri ulijua.

Tangu tulipokuaga kwa moto wa mazishi, kila asubuhi Ba huketi kando yangu na mala yake, nami nachezesha midomo. Unajua ninasema nini? Kila ushanga, "Shikamoo Guruji." Mara mia na nane. Na wewe huitikii.

Juzi hekaluni Ba aliwaambia wenzake, mimi nikiwa pale pale, "Huyu ndiye wa mwisho kupokea neno kwake. Huyu hapotezi kitu."

"Hata funguo?" mmoja akamtania.

"Funguo anapoteza kila wiki. Hilo hapotezi."

Kesho ni Guru Purnima, siku yetu ya kuwashukuru walimu, ya kwanza bila wewe. Ba anataka mimi ndiye niivishe picha yako shada la maua. Mikono yangu inakataa.

Leo mchana nilipanda Kirua peke yangu, kwenye ukungu na baridi yote ile. Mama Anande, jirani yako, alikuwa anakata majani ya ng'ombe. "Umekuja kumtafuta mzee wako?" Nikataka kujibu, nikalia. Hakuniuliza kosa langu. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba lake la nyumbani, akakata jani moja la sale, ule mmea wa mipakani, akalipiga fundo. "Mpelekee uliyemkosea. Kwetu mtu akiletewa hili, hakatai kusamehe."

Nikamwambia niliyemkosea hayupo.

"Basi mpe aliyebaki."

Sijui kama Ba anaweza kunirudishia neno lako. Huenda yeye ulimpa jingine. Huenda atalia, na mimi sijawahi kumliza. Lakini kesho asubuhi nikiketi kando yake nataka midomo yangu isimdanganye, hata kama itakaa kimya.

Nasikia ndala zake koridoni. Kila mara akipita mimi huifunika barua hii kwa daftari la Baiolojia. Sasa hivi nimelisogeza daftari, na jani nimeliweka kando ya karatasi, mahali pa kuonekana. Ba kazaliwa hapa hapa Moshi. Ataelewa kabla sijafungua mdomo.

Kwa heri, Guruji. Niitikie, hata mara moja tu. Ndala zimesimama mlangoni.

Mwanafunzi wako wa mwisho