Wimbo wa Betri Zilizochoka

Mjukuu wangu Daniel,

Salamu nyingi kutoka Ganako. Babu yako amepona kikohozi, mahindi yamebeba, na mtoto wangu anaota meno, kwa hiyo silali. Usicheke kuwa na bibi anayenyonyesha. Ni ukoo ulionipa cheo hiki.

Umeuliza kwa nini sikusema neno juu ya zile albamu za mwimbaji wetu wa zamani, zilizotolewa upya kwenye sidii, ulizonitumia kwa furaha. Mama yangu alipougua, alitaka wimbo mmoja tu wa mwimbaji huyo, uliokuwa kwenye kaseti yake. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Tulizianika juani, lakini wimbo ulitoka polepole, kwa sauti nzito kama ya mzee anayesali.

"Mwacheni aimbe hivyo hivyo," mama alisema. "Huyu hana haraka na mimi."

Ndio wimbo tuliomzikia. Sasa kwenye sidii yako nasikia kumbe ni wa dansi! Niliuzima. Ilikuwa kama mtu amecheka msibani.

Usitume nyingine, baba. Nunua viatu vya shule. Ila jana mtoto alilia sana, nikauwasha tena. Akanyamaza, akaanza kujitikisa. Sikumzuia. Mama alipata wa kwake, na huyu amepata wake.

Bibi yako asiyelala,
Mama Neema